Hofu ya Waendesha Pikipiki
Katika miji ya Butembo na Beni watu wengi husafiri kwa pikipiki. Mwaka 2018 ugonjwa wa Ebola uliingia huko. Hata ulipokwisha, mwaka 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Waendesha pikipiki waliogopa sana, maana abiria hukaa nyuma yao, karibu kabisa. Nani ajuaye kama ni mgonjwa?

Lakini Ebola haienei kwa hewa kama mafua. Hupita katika damu, matapishi na maji mengine ya mwili wa mgonjwa. Asiye na dalili bado haambukizi. Ndiyo sababu njiani watu walipimwa joto la mwili, wakanawa mikono. Na anayetapika asipakiwe pikipiki, wala asiachwe: aitiwe gari la wagonjwa upesi.