Aliye Mikononi Mwako

Kutoka Diani hata Msambweni, nyumba nyingi zina mtoto, mzee au mgonjwa asiyeweza kujilisha. Watu hudhani kuua ni kwa panga tu. Sivyo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 216, yamlazimu mlezi kumpa mtu huyo mahitaji ya maisha. Akimnyima, madhara yake huhesabiwa kuwa ameyaleta yeye. Kwa hiyo akifa kwa njaa, mlezi aweza kushtakiwa kuua bila kukusudia, na kufungwa hata maisha. Ikithibitika kusudi, aweza kuhukumiwa kifo, ingawa tangu mwaka 2017 hukumu hiyo si ya lazima. Wala uvumi wa uchawi si udhuru wa kumtupa mzee. Jirani, usingoje mazishi; mwarifu chifu mapema.