Je, Wajua? Mkanda wa Gari Hutafuta Mfupa

Miongoni mwa vitu vyote alivyovitia mwanadamu ndani ya gari, hakuna kilicho dhalili kwa sura kama mkanda wa kiti: utepe wa nyuzi za poliesta wenye upana upatao sentimita 5, ambao katika magari yetu mengi ya abiria umekwisha kusukumwa chini ya kiti, umejaa vumbi, ukingoja konda aseme kwamba polisi wako mbele. Walakini utepe huo, ukiuchunguza, utauona umebuniwa kwa ilimu ya mwili wa binadamu zaidi ya ilimu ya magari. Kwani kazi yake hasa ni kuitafuta mifupa ya abiria iliyo imara na kuikabidhi mzigo ambao ini, wengu na utumbo haviwezi kuustahimili.

Mzigo wenyewe si haba. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, nao ni mwendo wa mjini ambao dereva wetu huuona wa kobe, hubeba nguvu ile ile ambayo lingekuwa nayo lau lingeangushwa kutoka kimo cha mita 10 hivi, yaani juu ya paa la ghorofa ya tatu. Likigonga, pua yake hukunjika, na sehemu walimoketi watu husimama katika masafa ya, tuseme, sentimita 60. Abiria aliyefunga mkanda husimama pamoja na gari, akigawiwa masafa hayo yote. Ilhali asiyefunga, maadam hakuna kilichomshika, huendelea na safari yake kwa mwendo ule ule hata akutane na usukani, au kioo, au kisogo cha aliyeketi mbele yake, na hapo husimama katika masafa ya vidole vichache tu.

Mikanda ya zamani ilikuwa aghalabu ya kiunoni, na bizimu yake ilikaa katikati ya tumbo, hata ajali ilipotokea bizimu yenyewe ikawa ndiyo yenye kudhuru viungo vya ndani, na kifua kikabaki huru kuupiga usukani. Aliyeutatua mushkili huo ni Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden, ambaye kabla ya kuajiriwa na kampuni ya Volvo mwaka 1958 alikuwa akiunda, katika kampuni ya Saab, viti vya kumrusha rubani nje ya ndege iliyoharibika. Rubani hukubali kufungwa mabegani na kiunoni kama mzigo, kwa kuwa aijua hatari iliyo mbele yake. Mtu aendaye sokoni hakubali, na kwa maoni yangu ustadi mkubwa wa Bohlin ulikuwa katika kulitambua hilo. Alitaka mkanda ufungwao kwa mkono mmoja, pasipo kufikiri: kipande kimoja kikatize kidari, cha pili kikatize nyonga, vikutane kando ya paja na kufanya herufi V yenye ncha iliyoelekea sakafuni, ili usihame wakati wa kishindo. Gari la kwanza lenye mkanda huo lilifikishwa mjini Kristianstad mwezi wa Agosti 1959, na Volvo, ingawa ilikuwa na hataza mkononi, ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bure bilashi. Mwaka 1967 Bohlin alitoa hesabu ya ajali 28,000 zilizotukia Sweden: katika waliofunga mkanda huo hakufa hata mmoja kwenye mwendo ulio chini ya kilomita 96 kwa saa, na wasiofunga walikufa hata kwenye mwendo wa kilomita 20.

Uvute mkanda polepole, nao hukufuata kwa utiifu. Uvute kwa ghafula, nao hukataa. Siri imo ndani ya nguzo ya gari, kwenye gurudumu linalouviringa utepe. Chini yake kuna gololi iliyotulia katika kikombe. Gari likisita kwa nguvu, gololi hupanda ukingo wa kikombe na kuusukuma ulimi mdogo wa chuma uingie katika meno ya gurudumu, nalo hukwama. Kando yake kuna kifaa cha pili, kisichoshughulika na gari bali na kasi ya utepe wenyewe, na hicho ndicho kilichokukatalia. Magari ya karibuni yameongezewa baruti kidogo ambayo, gari ligongapo, huurudisha utepe nyuma kwa sentimita kadhaa ili kuondoa ulegevu, kisha chuma chembamba hujipinda na kuuachia tena taratibu, mfano wa baharia aliyeizungusha amari kwenye gogo akawa huilegeza kwa hesabu isije ikakatika. Kwani mkanda usiolegea hata chembe huvunja mbavu.

Basi kuufunga ni jambo moja, na kuuweka mahali pake ni jambo la pili. Kipande cha chini hukaa juu ya mifupa ya nyonga, kikigusa mapaja, wala si juu ya kitovu. Mama mjamzito hukipitisha chini ya mimba yake, na kile cha juu hukipitisha baina ya matiti na kando ya tumbo. Kipande cha juu chapasa kulala juu ya mtulinga, kati ya shingo na ncha ya bega. Anayekipitisha chini ya kwapa, kwa kuwa kinamkera shingoni, ameuhamisha mzigo kutoka kwenye mtulinga hadi mbavu za chini, ambazo nyuma yake ni ini na wengu.

Hapa ndipo mtoto anapotoka katika hesabu hii. Mifupa ya nyonga zake haijapata umbo la kuuzuia mkanda usipande tumboni, pingili za shingo yake zingali na sehemu za gegedu, na kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya kimo chake chote. Bertil Aldman, daktari wa Sweden, akichukua fikra kutoka viti vya wanaanga wa Gemini, waliolala chali ili mgongo mzima uupokee msukumo wa roketi, alijaribu mwaka 1964 kiti cha mtoto kinachotazama nyuma ya gari, ili katika mgongano wa mbele kichwa, shingo na mgongo vipokewe kwa pamoja. Kanuni mpya za viti hivyo zitumikazo Ulaya hutaka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15, na Wasweden huendelea hivyo hata miaka 4. Baada ya hapo huja kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake ya mabegani, ambayo ukiweza kuifinya ikafanya kunjo kati ya vidole viwili, basi bado imelegea. Kisha kiti cha kumwinua, mpaka afikie kimo cha sentimita 135 au 150, kwa kadiri ya sheria ya nchi. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa usiozimwa, kwa kuwa mfuko huo hufumuka kwa kasi ya kuweza kumuua mtoto, na huko Marekani katika miaka ya 1990 uliwaua watoto wachanga kwa namna hiyo hiyo.

Kumpakata si badala ya kiti. Katika mgongano ule wa kilomita 50 kwa saa tulioutaja mwanzoni, mtoto wa kilo 10 huivuta mikono ya mama yake kwa uzito upatao kilo 160, na hakuna mapenzi yawezayo kuushika. Wako wanaowafunga wawili kwa mkanda mmoja, jambo ambalo ni baya zaidi, kwani kiwiliwili cha mama humkandamiza mwanawe juu ya utepe. Kenya ilipolazimisha mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu, Februari 2004, chini ya waziri John Michuki, abiria wa nchi hiyo walipata haki ambayo wengi barani hawakuwa nayo. Lakini mtoto apakatwaye hana kiti, na asiye na kiti hana mkanda. Mzazi awezaye kumlipia nafasi yake mtoto aliyekwisha kujua kukaa peke yake, akamfunga mkanda chini kwenye nyonga, amefanya lililo bora kuliko kumkumbatia.

Limebaki neno la wanunuzi, kwa kuwa magari yetu mengi huja yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, na viti vya watoto huuzwa pamoja na mitumba. Mkanda uliokwisha kumzuia mtu katika ajali nyuzi zake zimevutika, nao hautazuia vema mara ya pili. Uvute wote nje hadi mwisho, uutazame kwenye mwangaza, hasa pale unapopita katika pete ya begani: ukiona nyuzi zilizoyeyuka na kung'aa, au mikwaruzo ya joto kwenye plastiki ya pete, gari hilo lilikwisha kugonga, hata muuzaji aseme nini, na mkanda huo sharti ubadilishwe. Kiti cha mtoto usichoijua historia yake, ambacho lebo ya tarehe ya kuundwa kwake imebanduliwa, kiache sokoni hata kikiwa cha bei ya karanga.