Kabla ya Kununua Pikipiki Iliyotumika, Kagua Kamshafti

Pikipiki iliyotumika inaweza kung'aa kwa rangi mpya ilhali injini yake imelika ndani. Kwa mhudumu wa bodaboda aliyenunua kwa mkopo wa chama au sacco, hali hiyo humaanisha kuendelea kulipa deni huku pikipiki ikiwa gereji. Sehemu moja ambayo wanunuzi wengi huisahau ni kamshafti.

Kamshafti ni mhimili mdogo wenye nundu zinazofungua vali ili hewa na petroli viingie na moshi utoke. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka mara 3,000. Kinachozuia chuma kusagana na chuma ni utando mwembamba wa oili. Nundu ikilika, vali haifunguki inavyopaswa na injini hukosa pumzi.

Dalili za kuangalia

Mnunuzi anashauriwa kumwomba muuzaji asiwashe pikipiki kabla hajafika. Injini iwashwe ikiwa baridi, isikilizwe, kisha isikilizwe tena baada ya mwendo wa dakika 10. Mlio wa "ta-ta-ta" unaotoka kwenye vali unaweza kuwa tapeti zilizolegea tu. Lakini ukirudi muda mfupi baada ya fundi kurekebisha tapeti, huenda kamshafti au roka zimelika. Dalili nyingine ni kuishiwa nguvu mlimani, kuwaka kwa shida na vumbi la chuma ndani ya oili.

Uhakika hupatikana kwa kufungua. Katika pikipiki nyingi kamshafti iko juu ya injini, na fundi huifikia kwa kuondoa kifuniko. Zile zinazotumia fito kusukuma vali huwa nayo chini, hivyo kazi ni kubwa zaidi. Nundu nzima huwa laini. Iliyolika huwa na vishimo, mikwaruzo au ncha iliyobapa.

Jinsi ya kuzuia

• Kagua kiwango cha oili kila asubuhi. Pikipiki nyingi ndogo hubeba takriban lita 1 pekee, hivyo upungufu kidogo una madhara.
• Badilisha oili kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, na utumie oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA.
• Usivute mafuta kwa nguvu injini ikiwa bado baridi.
• Tapeti zipimwe kwa kipimo maalum, si kwa kukisia.

Kamshafti ikishalika, roka zinazoigusa zikaguliwe na zilizolika zibadilishwe pamoja nayo, kwani roka mbovu huharibu kamshafti mpya. Njia za oili nazo zisafishwe, la sivyo tatizo litarudi.

Muuzaji akikataa injini ikaguliwe na fundi wa mnunuzi, ni heri kutafuta pikipiki nyingine.