Mafua yasiyoisha: huenda ni mzio

Hapa Kariakoo wapo wafanyabiashara wengi wanaosema wana "mafua sugu". Mtu akifungua balo la mitumba asubuhi hupiga chafya mfululizo, pua ikamwasha na kuchuruzika maji. Hupata nafuu kidogo, kisha ifikapo alasiri pua huziba kabisa. Hukimbilia duka la dawa kununua antibayotiki, na hali inabaki vile vile. Huenda hayo si mafua bali ni mzio, au aleji kama wengi tunavyouita.

Ni nini hutokea? Katika vumbi la nguo na magodoro huishi utitiri usioonekana kwa macho, ambao hustawi kwenye unyevu kama wa Dar es Salaam. Kinyesi chake si kijidudu cha maradhi, lakini kinga ya baadhi ya watu hukiona kuwa adui. Chembe nyeupe za damu hupashana habari kwa protini ndogo ziitwazo saitokaini. Mbili kati ya hizo, intalukini ya 4 na ya 13, huagiza kutengenezwa kwa kingamwili aina ya IgE. Hiyo hujibandika kwenye seli masti ndani ya pua, ikakaa kama mtego uliotegwa.

Vumbi lile likiingia tena, ndani ya dakika chache seli masti humwaga histamini. Huo ndio mwasho, chafya na kamasi jepesi. Saa kadhaa baadaye saitokaini nyingine, hasa intalukini ya 5, huita chembe nyeupe aina ya eosinofili. Utando wa pua huvimba na pua huziba. Ndiyo maana vumbi la asubuhi humsumbua mtu hadi jioni.

Kwa hiyo antibayotiki haisaidii, kwani hakuna bakteria wa kuua. Vidonge vya kuzuia histamini, kama setirizini, hutuliza chafya na mwasho. Piriton nayo hutuliza, ila huleta usingizi. Dereva na mwendesha bodaboda wajihadhari. Pua inayoziba kila mara huhitaji dawa ya steroidi ya kupulizia puani, ambayo hupunguza zile saitokaini zenyewe. Hutumiwa kila siku kwa ushauri wa tabibu, na nguvu yake kamili huweza kuchukua wiki mbili. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, kwani yakizidi huziba zaidi.

Kupandisha maji puani wakati wa udhu huondoa vumbi kiasi, lakini hakuzimi ujumbe uliokwishatumwa. Anayesafisha pua kwa maji ya chumvi atumie yaliyochemshwa yakapoa. Fungeni kitambaa puani mnapofungua balo, na fueni mashuka kila wiki kwa maji ya moto.

Ukisikia kifua kikibana au kutoa mluzi, au pua ya upande mmoja ikitoa damu mara kwa mara, usingoje. Nenda hospitali.