Nani Anakula Bei ya Zulia la Navajo?

Mwaka 2012, huko California, blanketi kuukuu la Kinavajo lilipigwa mnada kwa dola milioni 1.5, kabla ya ada. Mwenye kuliuza alilirithi kwa bibi yake. Mwanamke aliyelifuma katika karne ya 19 hajulikani jina, wala ukoo wake haukuambulia chochote.

Usidhani ni bahati mbaya ya blanketi moja tu. Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani wanaojiita Diné, wamekuwa wakifuma kwa ajili ya mifuko ya wengine tangu reli ilipofika kwao miaka ya 1880. Wenye maduka walinunua mablanketi kwa kuyapima kwenye mizani kama magunia ya karanga, wakalipa kwa unga, kahawa na sukari. Mmoja wao, Lorenzo Hubbell wa Ganado, Arizona, alitundika dukani picha za mazulia ili wafumaji waone anachotaka. Tumpe haki yake: alidai kazi safi, na alifungua soko. Lakini bei aliipanga yeye.

Ndiyo maana mnada wa Crownpoint, New Mexico, ulioanza mwaka 1968, ulikuwa jambo kubwa. Ijumaa moja ya mwezi, wafumaji walileta mazulia katika ukumbi wa shule ya msingi. Alasiri wanunuzi waliyapindua mezani, wakayapapasa na kuzungumza na waliofuma wenyewe. Jioni mnadi akaanza kazi. Hapakuwa na mtu wa kati baina ya mfumaji na mnunuzi.

Kazi yenyewe hainunuliki kirahisi. Anayeshika njia ya wazee hukata manyoya ya kondoo, huyaosha, huyachambua, husokota uzi kwa mkono na kuutia rangi za mimea, ndipo asimamishe mtande, yaani nyuzi za wima. Zulia la futi 3 kwa 5 hula mamia ya saa. Gawanya bei kwa saa hizo, uone kama mtu wa mjini angekubali ujira huo.

Halafu kuna mazulia ya kuiga. Mengi hutoka Meksiko, hasa Teotitlán del Valle huko Oaxaca, kijiji cha mafundi hodari ambao hawana kosa. Kosa ni la wauzaji wanaobadilisha asili ya mali. Tazama ncha: mtande wa Kinavajo ni uzi mmoja usiokatwa, unaokwenda na kurudi, kwa hiyo pande zote nne hufungwa kwenye kitanda chenyewe cha kufumia. Katika yale ya kuiga, nyuzi za mtande hukatwa, ncha zikafungwa au kufichwa ndani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inaharamisha kuuza kazi kwa kudanganya kuwa ni ya wenyeji wa asili, ila muuzaji mjanja husema tu "mtindo wa Navajo".

Siku hizi wafumaji wengi huuza wenyewe kupitia Facebook na Instagram, japo mtandao kwenye ardhi yao ni wa kusuasua, na mwenye deni la gari hukubali bei yoyote. Wachache wamepanda juu zaidi. D.Y. Begay na Melissa Cody walifanyiwa maonyesho makubwa mwaka 2024, mmoja Washington, mwingine New York. Mafumo ya Cody yana rangi kali na maumbo ya michezo ya video, wala hakuna mwenye duka aliyemwagiza hayo. Ila nyumba za sanaa nazo hukata fungu lao, mara nyingi nusu ya bei.