Marhamu Tupu

Mtoto akijikata na jembe shambani, mkubwa aliye karibu huchuma majani ya kishona nguo, ule mmea wenye mbegu nyeusi zinazong'ang'ania suruali. Huyafikicha viganjani mpaka yatoe maji ya kijani, kisha huyakandika juu ya jeraha. Mara nyingi damu hukata. Baada ya siku chache ngozi imefunga, na jani limepata sifa. Lakini jeraha dogo la mtoto mwenye afya hufunga lenyewe. Mtafiti anataka kujua kama jani limeongeza chochote.

Maabarani, majani hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye maji au ethanoli, huchujwa, na maji yake hukaushwa mpaka libaki rojo zito. Kilichotumika kulowekea kina uzito wake: ethanoli hutoa vitu ambavyo maji huviacha.

Kupima kama rojo hilo hupunguza uvimbe, maabara nyingi hufuata njia iliyochapishwa mwaka 1962 na Charles Winter na wenzake wa Marekani. Panya aliyepewa rojo huchomwa sindano ya karajinani chini ya unyayo. Karajinani hutokana na mwani, na mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, huuzwa nje kwa ajili ya kutengeneza aina mojawapo. Mguu huvimba, hufikia kilele baada ya saa tatu hadi tano, na hupimwa kwa kuutumbukiza kwenye chombo cha maji na kuangalia yamepanda kiasi gani. Saa ya kwanza uvimbe huchochewa zaidi na histamini. Baadaye ni zamu ya prostaglandini, zilezile ambazo dawa ya diklofenaki huzuia zisitengenezwe. Kwa hiyo hata saa ambayo uvimbe unapungua humpa mtafiti fununu ya njia linayopita jani.

Kidonda huchukua muda zaidi. Panya akiwa kwenye nusukaputi, hunyolewa mgongoni na kukatwa kiduara kidogo cha ngozi. Wengine hupakwa marhamu yenye rojo la majani, wengine dawa inayojulikana, wengine marhamu tupu, isiyo na jani. Hili kundi la mwisho ndilo ninalolitafuta kwanza ninaposoma utafiti wa aina hii, na lisipokuwepo, siamini kinachofuata. Mwaka huohuo wa 1962, Winter mwingine, George, alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya haraka kuliko kilichoachwa kikauke. Mafuta ya marhamu peke yake, basi, yanaweza kusaidia, na sifa zote zikaenda kwa jani.

Kuna tatizo jingine, na ni kubwa. Panya ana msuli mwembamba chini ya ngozi unaokivuta kidonda kikajifunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Binadamu hutegemea zaidi nyama mpya kujaza shimo na ngozi kutambaa juu yake. Ndiyo maana watafiti makini hushona pete ya silikoni kuzunguka kidonda cha panya, kisivutwe.

Tena, rojo la maabara si jani la shambani. Jani lililochumwa chini huweza kuwa na udongo, na udongo huweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Jeraha la jembe lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na likiwa na kina au limechafuka, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, waangalie na chanjo yake.