Nduna, Maji na Mganda: Maneno ya Njia ya Songea na Nyasa

Msafiri atokaye Songea kuelekea magharibi, akapita katika nchi ya Mbinga, ambayo Matiri ni sehemu yake, kisha akateremka hadi Mbamba Bay, hukuta kumbukumbu za vita vya kudai haki, za ngoma, na kwa uchache za maandishi. Kumbukumbu hizo yafaa zisomwe kwa maneno yake zenyewe.

Neno la kwanza ni nduna. Lilikuja na Wangoni kutoka kusini katika karne ya 19, pamoja na neno nkosi. Kingoni cha Songea kimekwisha kufanana mno na lugha za jirani, hata msemaji wa Kizulu asingeifahamu sentensi nzima. Lakini majina ya vyeo yamebaki. Nkosi ni mtawala, nduna ni mkuu wa watu na wa vita chini yake. Songea Mbano alikuwa nduna wa nkosi Mputa Gama. Kumwita Songea chifu, kama ifanywavyo mara nyingi, ni kuufuta mpango mzima wa utawala wa Wangoni kwa neno moja la kuazima. Mji ulipata jina la nduna, wala si la nkosi, kwa sababu boma la Wajerumani la 1897 lilijengwa penye makao yake.

Tarehe 27 Februari 1906 Mputa na wenzake wengi walinyongwa mjini humo. Songea naye alinyongwa mwaka huo huo. Kichwa chake kinaaminika kuwa kilichukuliwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba radhi, akaahidi msaada wa kukitafuta. Kwa ukoo wa Mbano, basi, jambo hili halijawa historia.

Dawa ya maji ililetwa Ungoni mwaka 1905 na Kinjala. Lakini fasihi ya vita hivyo imesimama mashariki. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliotolewa mwaka 1957 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ni kazi ya mtu wa Lindi. Na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), yahusu Rufiji na Umatumbi. Ungoni haujapata kitabu cha kulingana na hivyo.

Ziwani mambo ni mengine. Mganda, ngoma ya wanaume, huiga gwaride na bendi ya askari wa King's African Rifles, kwa ngoma kubwa na vibuyu vinavyopulizwa badala ya tarumbeta. Wanawake wana kioda. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, ambako ngoma ya namna hii huitwa malipenga, kikundi huitwa boma. Wengine huona hapo uigaji mtupu. La hasha: neno lililotaja ngome ya mtawala limegeuzwa kuwa jina la vijana wa kijiji, na vyeo vya jeshi hugawiwa na wanakijiji wenyewe. Vyeo hivyo, katika Kimpoto na Kimanda, vyastahili kukusanywa kijiji kwa kijiji, pamoja na matamshi yake.